UZI: Hukumu kubwa za mahakama za Uganda. Tusiishie kwenye nani kashinda, tusome na sababu za majaji

Mkalimani_Mashariki

Wakuu wa jamvi, salaam.

Tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wake kwamba raia wasihukumiwe na mahakama za kijeshi, tarehe 31 Januari 2025, mabishano humu na kwenye magrupu ya WhatsApp yamekuwa ya aina moja. Serikali imeshindwa au haijashindwa? Besigye, yule mwanasiasa wa upinzani, anatoka au hatoki? Mwisho wa siku mtu anasema "hukumu ni karatasi tu", wengine wanaitikia, mjadala unakufa.

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Kazi yangu ni kusimama kando ya mshtakiwa katika mahakama za hakimu huku mashariki, shtaka linasomwa kwa Kiingereza nami nampa kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Kutokana na kazi hiyo nasema hivi: hukumu kubwa ina vitu viwili ndani yake. Kuna amri, yaani kifungu fulani kimefutwa au fulani aachiwe. Na kuna sababu, yaani kwa nini majaji wameamua hivyo. Amri Bunge linaweza kuizunguka kwa sheria mpya katika muda wa miezi michache, na hapa kwetu limefanya hivyo mara kwa mara. Sababu hubaki. Kesi inayofuata inazichukua na kusonga mbele nazo. Anayejua amri peke yake atavunjika moyo kila mwaka. Anayejua sababu ana kitu cha kusimamia hata sheria ikibadilishwa jina.

Nianze na kesi ambayo wengi hawaijui. Salvatori Abuki alishtakiwa kwa uchawi kule Aduku, Lango. Hakimu akampa kifungo cha miezi 22, na juu yake amri kwamba akitoka gerezani asikanyage nyumbani kwake kwa miaka 10. Hebu fikirieni mkulima asiye na mshahara wala kiwanja kingine anaambiwa aache shamba, nyumba na makaburi ya wazee wake kwa miaka 10. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba mwaka 1997, kisha Mahakama ya Juu mwaka 1999, na amri ile ya kufukuzwa kwao ikaonekana kuvunja Katiba. Sababu yake ndiyo nataka muishike: ukimnyima mtu mahali pa kuishi na njia ya kujipatia riziki, umeugusa uhai wake na umemtendea unyama, hata kama hujamchapa kofi. Katiba ilikuwa na miaka michache tu, ya 1995, na tayari mtu wa kijijini alikuwa ameilazimisha mahakama ieleze maana ya uhai.

Halafu kuna ile ya waandishi. Mwaka 1997 Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la Monitor walishtakiwa kwa kuchapisha "habari za uongo", kwa sababu ya habari iliyodai kwamba Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa hilo kwenye Kanuni ya Adhabu. Jaji Joseph Mulenga aliandika kwamba lengo la kwanza la Katiba ni kulinda haki, na kuiwekea haki mipaka ni jambo la pili, la dharura, ambalo serikali lazima ilitolee hoja za kutosha. Akaongeza kwamba mtu hapotezi ulinzi wa kusema eti kwa kuwa mwingine anaona alichosema si kweli.

Amri ya mwaka 2004 iliua kosa moja. Sababu ya Mulenga ikaendelea kufanya kazi: mwaka 2010 kosa la uchochezi likaanguka kwa kipimo hicho hicho. Januari 2023 likaanguka kosa la "mawasiliano ya kuudhi" katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kwa kuwa maneno yake ni mapana kiasi kwamba raia hawezi kujua kosa linaanzia wapi. Najua mtaniambia kwamba mwishoni mwa 2022 Bunge lilikuwa limeshaongeza makosa mapya kwenye sheria hiyo hiyo. Ni kweli. Ndiyo maana nasema shikeni sababu.

Polisi na mikutano ni hivyo hivyo. Mwaka 2008, katika kesi ya Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilisema polisi wana kazi ya kusimamia mkutano uende salama, hawana mamlaka ya kuukataza. Bunge likaleta POMA, sheria ya kusimamia mikutano ya hadhara, mwaka 2013, na kifungu cha 8 kikawarudishia polisi mamlaka yale yale kwa maneno mengine. Machi 2020 mahakama ikakifuta na kuuliza, kwa lugha ya majaji, kwa nini tunarudishwa pale tulipokwisha kupita. Nakuja na kesi ninayoiona kubwa kuliko zote.

Mkalimani_Mashariki

Nayo ni ya Susan Kigula.

Kabla ya kesi hii, mtu akikutwa na hatia ya mauaji Uganda, jaji hakuwa na la kuchagua. Sheria ilisema atanyongwa. Aliyeua kwa kupanga miezi sita na mama aliyeua baada ya kupigwa miaka kumi walipewa adhabu moja, na jaji hakuruhusiwa hata kuuliza: una watoto? Ulikuwa na umri gani? Kosa hili lilitokeaje? Kwa makosa madogo mshtakiwa anapewa nafasi ya kujieleza ili apunguziwe adhabu. Kwa kosa linalogharimu uhai wake, nafasi hiyo haikuwepo. Rufaa yake nayo ilikuwa dhidi ya hatia tu, si dhidi ya adhabu.

Kigula na wenzake zaidi ya 400, wote wakisubiri kitanzi, walifungua kesi Mahakama ya Katiba. Walileta maswali manne. Adhabu ya kifo yenyewe inavunja Katiba? Kuilazimisha kwa kila mtu je? Kumweka mtu miaka na miaka akisubiri kunyongwa? Na kunyonga kama njia? Uamuzi wa kwanza ulitoka mwaka 2005, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, Mahakama ya Juu ikamaliza tarehe 21 Januari 2009. Adhabu ya kifo ikabaki na kunyonga kukabaki. Lakini ulazima ukafutwa. Na aliyethibitishiwa adhabu na mahakama ya mwisho, ikipita miaka 3 bila kunyongwa wala kusamehewa, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Wakati huo mara ya mwisho raia kunyongwa katika gereza la Luzira ilikuwa 1999, walinyongwa 28. Wapo waliokuwa wamesikia maandalizi yale, nao waliendelea kungoja zamu yao.

Sasa tazameni lilivyogeuza mahakama zenyewe. Mafaili ya watu ambao rufaa zao hazijaisha yalirudi Mahakama Kuu wasikilizwe upya kuhusu adhabu tu. Mawakili wa upande wa utetezi, ambao zamani baada ya hatia walikuwa wanakaa kimya, ikabidi wajifunze kazi mpya: kutafuta ripoti ya daktari, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, historia ya mtu tangu utoto. Mwaka 2013 ikatoka miongozo ya adhabu kwa majaji na mahakimu wote. Mwaka 2017, katika kesi ya Rwabugande, Mahakama ya Juu ikasema muda aliokaa mtu rumande lazima utolewe kwa hesabu kwenye kifungo chake, jaji asiseme tu kwamba "ameuzingatia". Nimeona hesabu hiyo ikifanywa mbele yangu, hakimu na kikokotoo, miaka, miezi na siku, mshtakiwa akinyoosha shingo kutaka kujua inabaki mingapi. Zamani hakuna aliyemhesabia.

Kuna na upande mchungu, nisiufiche. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi ya Tigo, kwamba kifungo cha maisha ni hadi mtu afe, si miaka 20 kama magereza walivyozoea kuhesabu. Kwa hiyo wapo waliookolewa kwenye kitanzi na kukuta mlango mwingine umefungwa. Kigula mwenyewe alisomea sheria humo humo Luzira, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, akapangiwa adhabu upya na kutoka 2016.

Msomi_Dar

Mleta uzi, asante sana. Niongeze la huku kwetu. Kesi hiyo ya Kigula imevuka mipaka. Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliitumia mwaka 2010 katika kesi ya Mutiso, kisha Mahakama ya Juu yao ikafuta ulazima wa kunyonga kwa mauaji katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017. Sisi Tanzania ilibidi Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ituambie, Novemba 2019, kesi ya Ally Rajabu, kwamba kumfunga jaji mikono kunavunja haki ya kuishi. Wafungwa wa Luzira wamewafikia watu wasiowajua kabisa.

Boda_wa_Steji

Kaka mkalimani, hayo ya juu nimeyasoma yote, lakini swali langu ni la chini. Sisi wa boda tunakamatwa usiku stejini, tunapakiwa kwenye gari, asubuhi tunaambiwa tumezurura. Ukitoa kitu unatoka. Usipotoa unaenda mahakamani, unakubali kosa, unalipa faini au unaenda kufanya kazi ya jamii. Je, kuna hukumu inayonihusu?

Mkalimani_Mashariki

Ipo, mdogo wangu, na ni mojawapo ya zile ninazozipenda zaidi.

Tarehe 2 Desemba 2022, katika kesi ya Francis Tumwesige Ateenyi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Katiba ilifuta aya za (c) na (d) za kifungu cha 168(1) cha Kanuni ya Adhabu. Hizo ndizo zilizokuwa zinamfanya mtu kuwa mhalifu kwa sababu anaonekana hana njia halali ya kujikimu, au anatembeatembea mahali kwa namna inayomfanya askari adhani ana nia mbaya. Ni sheria tuliyoachiwa na Waingereza, nao walikuja nayo kutoka kwao kwa ajili ya kuwadhibiti maskini wao. Majaji walisema kosa la jinai lazima lielezwe waziwazi ili mtu ajue ajiepushe na nini. Wakasema pia umaskini si kosa, na kwamba kumtaka mtu aeleze amefuata nini barabarani ni kumgeuzia kazi ya upande wa mashtaka. Mtu hana wajibu wa kuthibitisha kwamba si mwizi.

Niwaonyeshe lilivyokuwa. Jumatatu asubuhi, wanatolewa selo vijana kumi na kitu, miguu peku, mikanda imebaki kaunta. Karatasi ya mashtaka ni moja, majina yamepangwa kwa mstari, na maneno ya kosa ni yale yale kwa wote, hadi saa ya kukamatwa ni moja ingawa hawakukamatwa pamoja. Nawasomea kwa Kiswahili. Wa kwanza anauliza, "Nikikubali naenda nyumbani leo?" Siruhusiwi kumjibu, mimi si wakili wake. Anakubali, na waliobaki wanafuata mmoja mmoja. Kosa limeingia kwenye rekodi yake kwa maisha.

Sasa hivi, ukisomewa kosa la aya hizo mbili, sema mbele ya hakimu kwamba lilifutwa tarehe hiyo. Nimesikia kijana mmoja akisema, hakimu akasimama kidogo, akamuuliza mwendesha mashtaka, na shtaka likaondolewa. Angalizo: kifungu jirani, kilichokuwa cha 167, kuhusu uzembe na fujo mitaani, hakikuwa ndani ya amri ile, kwa hiyo wakati mwingine karatasi inabadilishwa namba tu. Hapo ndipo unapohitaji sababu. Maneno yakiwa mapana na mzigo wa kujieleza umewekwa kwako, hoja ni ile ile, na wakili akiipata anaweza kuipeleka juu.

Na saa 48 usizisahau. Ibara ya 23 inasema ufikishwe mahakamani ndani ya muda huo.

Afande_Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu. Mimi nimelitumikia jeshi, sitataja kikosi. Nina swali kwa mwandishi, kwa heshima. Raia anakutwa na bunduki ya jeshi, amevamia kituo, ameua askari. Mkimpeleka mahakama ya kawaida anakaa miaka 6 rumande, mashahidi wanahamishwa au wanakufa, mwisho anaachiwa. Kwenye mahakama ya kijeshi ya Makindye kesi inaisha. Waliouawa nao walikuwa na haki. Kwa nini tuwafurahie majaji waliofunga mlango huo? Na tukumbuke ilikuwaje Kampala ilipopigwa risasi kila wiki.

Mkalimani_Mashariki

Afande, shikamoo. Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa urefu.

Hili la 2025 halikuanza 2025. Novemba 2005 Mahakama Kuu Kampala iliwapa dhamana washtakiwa wa PRA, kundi lililodaiwa kuwa la waasi, na siku ile ile watu wenye silaha, waliovaa nguo nyeusi, wakazingira jengo la mahakama. Washtakiwa wakarudishwa gerezani, kisha wakapelekwa mahakama ya kijeshi kwa mambo hayo hayo. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama ya Katiba na kushinda Januari 2006, na Mahakama ya Juu ikathibitisha Januari 2009. Machi 2007 mahakama ilizingirwa tena, na majaji wakagoma. Unaona jinsi sababu zilivyokuwa zikikusanyika.

Michael Kabaziguruka alikuwa mbunge wa Nakawa aliposhtakiwa mahakama ya kijeshi mwaka 2016. Hoja yake haikuwa kwamba jeshi halina nidhamu. Aliuliza jambo moja: nikiwa raia, wanaonihukumu wako huru? Ibara ya 28 inataka mahakama huru isiyo na upande. Wajumbe wa mahakama kuu ya kijeshi huteuliwa na uongozi wa juu wa jeshi, kwa mwaka mmoja, na wote wako chini ya amri. Ofisa anayejua mwakani anaweza kutokuteuliwa tena, au akahamishwa kesho, anawezaje kumwambia mkuu wake kwamba mshtakiwa hana hatia? Mahakama ya Katiba ilimkubalia 2021. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, ikaamuru kesi zote za raia zilizokuwa zinaendelea zihamishiwe mahakama za kawaida. Ndipo Besigye, aliyechukuliwa Nairobi Novemba 2024 na kufikishwa Makindye, akashtakiwa upya kwa uhaini mahakama ya kiraia.

Kuhusu kasi, afande, unasema kweli. Rumande zetu ni ndefu mno, na mimi nakaa na mahabusu wenye nyaraka zilizochakaa mfukoni. Lakini dawa ya mahakama ya pole ni kuajiri majaji na kuwapa fedha, kwa sababu askari aliyeuawa akiwa na haki, haki hiyo ni aliyemuua apatikane kweli, asihukumiwe mtu tu. Mahakama isiyo huru inaweza kumaliza kesi haraka huku muuaji akiwa bado mtaani.

Rais alipinga uamuzi huo hadharani, Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, tarehe 20 Mei 2025, na sasa raia wanaweza tena kufikishwa mbele ya jeshi katika mazingira yaliyotajwa humo. Watu wamekwisha kwenda kuipinga. Majaji watakaosikiliza watauliza swali la Kabaziguruka: wajumbe hao wako huru? Kama sheria mpya haijalijibu, mapana ya orodha ya makosa hayatasaidia.

Na majaji wetu wamelipa kwa maswali ya namna hii. Benedicto Kiwanuka, Mganda wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, alikuwa amemwachia huru Mwingereza aliyezuiliwa na askari kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Amin walimchukua ofisini kwake, Mahakama Kuu, mchana kweupe. Hakuonekana tena.

Nyar_Tororo

Mimi nataka kusemea wanawake kidogo. Kesi ya mahari ilitoka hapa kwetu Tororo, shirika la MIFUMI ndilo lililoipeleka. Mahakama ya Juu, Agosti 2015, haikufuta mahari. Ilisema kudai irudishwe ndoa inapovunjika kunavunja Katiba, kwa kuwa mume na mke wana haki sawa na mwanamke si bidhaa ya kurudishwa dukani. Dada yangu alikaa na mume mpigaji kwa miaka kwa sababu ng'ombe wa mahari yake walishatumika kumwoza kaka yetu. Baba hakuwa na cha kurudisha. Hakuna aliyemwambia "vumilia" kwa ubaya, walimwambia kwa umaskini. Mwaka juzi ameondoka, na wazee wa upande wa pili walipokuja na hesabu zao za ng'ombe, mwenyekiti wetu wa LC alitoa karatasi ya hukumu iliyochapwa na kuwaambia hawezi kusikiliza dai hilo. Walikasirika sana, lakini walirudi kwao. Kwa hiyo mtu asiniambie hukumu ni karatasi. Karatasi ile niliiona kwa macho.

Mkalimani_Mashariki

Dada, umesema kuliko mimi nilivyoweza. Mwenyekiti huyo apewe heshima yake.

Niunganishe na urithi. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya Sheria ya Urithi vilivyombagua mjane na binti, na siku ile ile kosa la ugoni lililomwadhibu mke aliyeolewa likimwacha mume. Vizuri. Lakini mahakama ikifuta kifungu haiandiki kingine mahali pake. Bunge lilikaa hadi 2022 ndipo likaleta marekebisho: mjane au mgane asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Kwa miaka 15 hapo katikati mahakimu walikuwa wanagawa mali ya marehemu huku sheria ikiwa na mashimo, na mashemeji wakayajaza wanavyotaka. Hapo lawama ni ya wabunge.

Kijana_Hoima

Na ardhi je? Hapa kwetu bomba la mafuta na barabara vimepita. Tuliambiwa mtu halipwi, haondoki. Wengine wameondolewa.

Mkalimani_Mashariki

Pole, kaka. Mliyoambiwa yametoka kwenye kesi ya UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara, dhidi ya Irumba, ambayo ilihusu barabara ya huko huko, Hoima hadi Kaiso-Tonya. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ilisema Ibara ya 26 inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya kuchukua ardhi, na kifungu cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kilichoruhusu kuchukua kwanza hakifai. Serikali ikajaribu kubadili Katiba mwaka 2017 ili iweke fedha mahakamani na kuendelea na mradi, wananchi wakapiga kelele nchi nzima, muswada ukakwama.

Kisha Desemba 2023 Mahakama Kuu Hoima, katika shauri la serikali dhidi ya familia 42 za mradi wa mafuta, ikaruhusu jambo hilo hilo: fedha ziwekwe mahakamani, watu waondoke. Ilichukua siku chache tu tangu shauri kufunguliwa. Naona uamuzi huo haulingani na ule wa 2015, na kwa mpangilio wa mahakama zetu Mahakama Kuu inafungwa na maneno ya Mahakama ya Juu. Ukipokea notisi, andika pingamizi la thamani kwa maandishi, kaa na nakala iliyogongwa muhuri, na rufaa ina siku zake. Usikae kimya ukisubiri kikao cha kijiji.

Mwalimu_Bombo

Ndugu mkalimani, umesema sababu nzuri hudumu. Sababu mbaya je?

Mkalimani_Mashariki

Mwalimu, nazo hudumu, na hilo linanikosesha usingizi.

Mwaka 1966 Obote aliweka kando Katiba ya uhuru. Chifu mmoja wa Buganda, Matovu, akakamatwa na kuzuiliwa, wakili wake akaenda Mahakama Kuu. Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake wakasema mapinduzi yamefanikiwa, kwa hiyo Katiba mpya ni halali, na kwamba mambo mengine ni ya kisiasa, mahakama isiyaguse. Pengine waliona hawana njia. Lakini sentensi hiyo haikufa na Obote. Mwaka 2011 lilifunguliwa ombi kuhusu akina mama wawili waliofariki wakijifungua, mmoja upande wa Mityana na mwingine Arua, kwa kukosa huduma katika hospitali za umma. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikalitupa. Sababu? Bajeti ya afya ni mambo ya kisiasa, na kesi ya Matovu ikatajwa. Miaka 46 baadaye, na chini ya Katiba tofauti kabisa!

Mahakama ya Juu ikalirudisha Oktoba 2015, ikasema Ibara ya 137 inaipa Mahakama ya Katiba wajibu wa kusikiliza kila dai la uvunjaji wa Katiba. Tarehe 19 Agosti 2020 uamuzi ukatoka: kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kunavunja haki ya mama, na serikali iongeze fedha. Familia zilikuwa zimengoja miaka 9.

Mwalimu_Bombo

Nashukuru. Mimi nafundisha sekondari, wanafunzi wangu wa Kiswahili wangependa kusoma hizi. Zinapatikana wapi? Na mtu asiye na wakili anaanzia wapi akiona haki yake imevunjwa?

Mkalimani_Mashariki

Hukumu zenyewe zipo ULII, tovuti ya bure, andika jina la kesi tu. Ni za Kiingereza na nyingine zina kurasa zaidi ya mia, kwa hiyo waanze na jaji mmoja: Mulenga katika kesi ya Obbo anasomeka vizuri hata kwa kijana wa S4. Nikipata nafasi nitaweka humu muhtasari wa Kiswahili wa kesi ya Ateenyi na ya MIFUMI, kwa sababu ndizo watu wanaziulizia kila siku korido za mahakama.

Kuhusu kuanza: zipo njia mbili na watu huzichanganya. Kama haki yako imevunjwa na unataka ilindwe au ulipwe, hiyo ni Ibara ya 50, unaenda mahakama yenye mamlaka, na hata mtu mwingine au shirika linaweza kwenda kwa niaba yako. Kama unasema sheria yenyewe au kitendo kinapingana na Katiba na kinahitaji tafsiri, hiyo ni Ibara ya 137, majaji watano wa Mahakama ya Rufaa wakikaa kama Mahakama ya Katiba. Kesi nyingi hutupwa kwa kwenda mlango usio wake. Na mtu akiwa amezuiliwa na hajulikani alipo, ombi la kuamuru aletwe mbele ya jaji (habeas corpus) hupelekwa Mahakama Kuu. Haki hiyo haiondolewi hata wakati wa hali ya hatari, ipo Ibara ya 44. Ndugu anaweza kuiomba. Aende na jina kamili, tarehe, mahali alipochukuliwa, namba ya gari kama ilionekana, na jina la kila kituo alichoulizia akajibiwa hayupo.